Mtambo Usioingiwa na Mafundi Wake

Tarehe 3 Oktoba 2023, mtambo wa myeyungano wa nyuklia uitwao JET, ulioko Culham, karibu na Oxford nchini Uingereza, ulitoa megajuli 69 za nishati kwa sekunde tano hivi, kwa kutumia miligramu 0.2 tu za fueli. Hakuna mtambo mwingine wa aina yake, iitwayo tokamaki, uliowahi kufika hapo, na habari hiyo ilipotangazwa Februari 2024, wengi waliishia kwenye rekodi yenyewe. Ukizigeuza megajuli hizo kuwa uniti za umeme tunazonunua majumbani, unapata uniti 19 hivi, tena za joto, maana umeme haukuzalishwa kabisa. Na kuipasha moto fueli hiyo kuligharimu nishati kubwa kuliko iliyotoka. Siidharau kazi ya Culham, nayo rekodi waliistahili. Ila naona kwamba urithi mkubwa zaidi wa mtambo ule ni ufundi uliokua taratibu kwa miaka 40: ufundi wa kukarabati mashine ambayo binadamu hawezi kuingia ndani yake. Ufundi huo ndio utakaoamua kama myeyungano wa nyuklia utatuwashia taa au utabaki maabarani.

Tokamaki ni chombo cha chuma chenye umbo la tairi, kilichoondolewa hewa ndani na kuzungushiwa sumaku kubwa. Humo deuteri na triti, ambazo ni aina mbili za hidrojeni, hupashwa moto hadi nyuzi milioni 150 za Selsiasi, mara kumi ya joto la kitovu cha jua. Gesi ikifikia hali hiyo huitwa plazma, na kwa kuwa hakuna chuma kinachoweza kuistahimili, sumaku ndizo zinazoizuia isiguse kuta. Viini vya atomu vinapoungana, na huo ndio myeyungano, hutoka heli pamoja na nyutroni. Nyutroni haina chaji, kwa hiyo sumaku haziwezi kuishika; huchomoka kwa kasi na kujipigiza ukutani. Nishati tunayoitafuta imo kwa sehemu kubwa katika nyutroni hiyo, na balaa nalo limo humo humo, kwani inapopiga chuma hukidhoofisha na kukifanya kitoe mionzi. Triti nayo ina mionzi, na hujipenyeza katika kuta. Kadiri mtambo unavyofanikiwa kuzalisha nishati, ndivyo fundi anavyozidi kufungiwa mlango.

JET ilikutana na hali hiyo mapema. Baada ya majaribio ya triti ya mwaka 1997, yaliyofikia megawati 16, ndani ya chombo hakukukalika. Mwaka 1998 vipande vya sakafu yake, pale ambapo joto na uchafu wa plazma hutolewa, vilibadilishwa bila mtu kutia mguu ndani. Kazi ilifanywa na mkono mrefu wenye viungo vingi, uliopenyezwa kupitia tundu la ubavuni, ukiwa umebeba roboti yenye mikono miwili iitwayo Mascot. Roboti hiyo haijiendeshi. Katika chumba kingine kabisa, fundi hushika mikono ya aina hiyo hiyo huku akitazama skrini za kamera. Anachokifanya yeye, Mascot hukifanya. Roboti ikigusa kigae au bolti ikikaza, ugumu huo humrudia fundi mikononi. Kabla ya kuigusa mashine yenyewe, kazi hufanyiwa mazoezi katika nakala ya sehemu ya chombo hicho, yenye ukubwa ule ule, kwa sababu spana ikidondoka mle ndani hakuna wa kuinama kuiokota.

Ustadi huo ulifungua hata njia za utafiti. Zamani kuta za JET zilifunikwa kwa vigae vya kaboni, vinavyovumilia joto vizuri lakini vinavyonasa triti nyingi kupita kiasi. Kati ya mwaka 2009 na 2011 vigae hivyo viling'olewa, vikawekwa vya berili ukutani na vya wolframi sakafuni, metali isiyoyeyuka hadi ipite nyuzi 3,400. Bila mikono ile ya mbali, mabadiliko hayo yasingewezekana, na rekodi ya 2023 ilipatikana ndani ya kuta hizo mpya.

Wapo watakaosema kwamba tunatanguliza mkokoteni mbele ya punda: plazma yenyewe bado haijatulia, matengenezo ya nini sasa? Hoja hiyo ina uzito. Fizikia haijakamilika, na hakuna tokamaki iliyotoa nishati ya myeyungano inayozidi joto lililoingizwa kwenye plazma. Lakini maendeleo yapo. Februari 2025 tokamaki ya WEST, kusini mwa Ufaransa, ilishikilia plazma kwa dakika 22. Kituo cha umeme kitahitaji kufanya kazi miezi na miezi, na muda huo wote ukuta utakuwa unaliwa. Isitoshe, triti ni adimu, na nusu yake hupotea kila baada ya miaka 12 hivi, kwa hiyo kituo kitalazimika kujitengenezea yake kwa tabaka la lithi linalozunguka plazma. Tabaka hilo nalo huchakaa, na kulitoa maana yake ni kupita katikati ya sumaku. Kituo kinachosimama kila mara kwa matengenezo hakiwashi taa; anayeishi na mgawo wa umeme hahitaji kuelezwa tofauti kati ya megawati zilizoandikwa kwenye karatasi na zile zinazomfikia.

Wengine watauliza mbona vinu vya urani vinafanyiwa matengenezo mara kwa mara bila makelele. Ni kweli, ila vile fueli yake hukaa mahali pamoja na hutolewa kwa winchi chini ya maji. Tokamaki ni pete ndani ya pete. Kipande kibovu kiko ndani kabisa. Ndiyo maana wachoraji makini wameanza upya na swali hili. Kundi la chuo cha MIT cha Marekani lililochora mtambo wa ARC mwaka 2015 lilipendekeza sumaku zinazofunguka, ili chombo cha ndani kitolewe kizima kizima. Nawaunga mkono, kwani hawakuyaacha matengenezo yaje kuwa tatizo la vizazi vijavyo.

Gharama ya kosa dogo imeonekana ITER, mradi wa Umoja wa Ulaya, China, India, Japani, Korea Kusini, Urusi na Marekani unaojengwa Cadarache, Ufaransa. Mabomba ya kupozea ngao ya joto yalipata nyufa, nyingine zenye kina cha milimita 2.2, kwa sababu ya mabaki ya klorini. Mwaka 2023 sehemu ya chombo yenye uzito wa mamia ya tani, ambayo tayari ilikuwa imeshushwa shimoni, ilibidi inyanyuliwe tena. Kasoro hizo zilichangia kuahirishwa kwa mradi, na majaribio ya triti sasa yamepangwa kuanza 2039. Na hapo watu bado wanaingia na kutoka, maana hakuna mionzi. Ufa huo ungetokea baada ya 2039, ni nani angeufikia?

JET iliwasha plazma yake ya mwisho Desemba 2023, na katika siku zile za mwisho watafiti waliielekeza makusudi ipige ukuta ili wajifunze unavyoumia. Sasa inabomolewa kwa roboti, kazi itakayoendelea hadi karibu mwaka 2040, na vigae vyake vinachunguzwa kimoja kimoja. Kwa hiyo, msomaji, ukisikia tena kwamba rekodi ya myeyungano imevunjwa, furahi, kisha uliza mtambo ule unachukua siku ngapi kubadilishwa ukuta, na nani au nini kinaingia kuubadilisha.