Pombe Haingoji Uzee

"Kufa ni kufa tu," husema mlevi akiagiza chupa nyingine; "ya nini kuhesabu miaka?" Nusu ya neno hilo ni kweli: umri mrefu usio na kazi njema si sifa. Lakini pombe haingoji uzee. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2019, katika kila vifo 100 vya watu wenye umri wa miaka 20 hadi 39, takriban 13 vilitokana na pombe. Hao ndio wenye nguvu na watoto wadogo. Tena, kabla ya roho, pombe huchukua mshahara, ini na asubuhi ya kazi. Ndugu mfanyakazi, hatukuombi uishi milele. Twakuomba siku ulizo nazo uziishi ukiwa macho.