Kwa nini kadi ya kumbukumbu ya nyumba ya kisasa huchakaa?

Katika mtaa wa Kabalagala, kando ya barabara ya Ggaba jijini Kampala, umeme unapokatika si taa pekee zinazozimika. Nyumba ambayo taa, kamera na lango lake huendeshwa na kompyuta ndogo kama Raspberry Pi huenda isirudi katika hali yake hata umeme ukirejea.

Chanzo mara nyingi ni kadi ya kumbukumbu. Seli zake huhifadhi data kwa chaji ya umeme, teknolojia iliyobuniwa na mhandisi wa Japani, Fujio Masuoka, katika miaka ya 1980. Kila seli inapofutwa na kuandikwa upya, utando wake wa kuhami hudhoofika. Programu ya Home Assistant, isiporekebishwa, huandika data kila baada ya sekunde 5, yaani hadi mara 17,280 kwa siku. Umeme ukikatika katikati ya uandishi huo, faili huharibika.

Uchakavu huu umewahi kuigharimu hata Tesla: mwaka 2021 iliyaita kwa matengenezo takriban magari 135,000 nchini Marekani, kwa kuwa chipu za gigabaiti 8 zilichakaa na skrini zikazimika.

Wataalamu hushauri kupunguza data inayorekodiwa, kutumia diski ya SSD badala ya kadi, kuweka betri ya akiba, na kuhifadhi nakala nje ya kifaa chenyewe. Bila nakala hiyo, kadi ikifa, mwenye nyumba hulazimika kupanga mfumo wote upya.