Mkate Kwanza, Maneno Baadaye

Leo tunataka kusema juu ya vijana wetu walio katika vyuo vikuu, wale ambao uchumba wao umevunjika.

Sisi wazee tukisikia habari hizo huwaambia, "Wewe soma, wachumba wako wengi." Mwanafunzi mmoja alitujia akilia, nasi tukamwambia avumilie. Hakurudi kwetu tena, wala mitihani ya muhula ule hakuifanya. Tulikosa.

Kijana wa namna hiyo hali, halali. Aliyemwacha yumo darasani mwake na katika foleni ya chakula. Kila siku kidonda kinatoneshwa. Usiku hutazama picha zilizo katika simu yake.

Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walieleza uchunguzi wao juu ya watu 40 walioachwa muda si mrefu. Walipotazama picha ya aliyewaacha, ubongo wao ulishtuka katika sehemu zile zile zinazoshtuka mkono unapochomwa na kitu cha moto. Basi kijana akisema, "Ninaumia," hasemi uongo.

Tumkumbuke Eliya, katika Wafalme wa Kwanza, mlango wa 19. Yeye hakuachwa na mchumba, lakini alikata tamaa, akaketi chini ya mti akaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, kisha malaika akamgusa, akampa mkate na maji. Akalala tena, akalishwa tena. Maneno yalikuja baadaye, huko Horebu. Na mwishowe akapewa Elisha awe mwenzake.

Nasi tufanye vivyo hivyo. Mzazi, mwite mtoto nyumbani, mpikie, mwache alale. Usiulize kosa ni la nani. Mwanafunzi, keti na mwenzako wakati wa chakula, na asubuhi mpitie mwende darasani pamoja. Akisema afadhali afe, tusimwache peke yake hata usiku mmoja. Tumpeleke kwa daktari au kwa mshauri wa chuo. Kufanya hivyo si kukosa imani.

Nawe uliyeachwa, aliyekukataa ni mtu mmoja, Bwana hajakukataa. Eliya alidhani mambo yake yamekwisha, kumbe mbele yake kulikuwa na mwendo wa siku 40, na kazi baada yake. Inuka, ndugu yetu, ule kwanza.

Bwana awe nanyi nyote. Amina.