Namba ya MAC Si Kitambulisho

"Nikukusanyie namba za MAC za vifaa vyote, ndipo uje utufungie mtandao?" Swali hili nimeulizwa Murang'a mjini, Nyeri na Karatina, na sasa limenifuata hadi Kangema. Anayeuliza huwa ni kijana wa kompyuta katika sacco, hospitali au shule ambayo imetenga fedha za mfumo wa kudhibiti vifaa vinavyoingia kwenye mtandao. Tayari ana daftari la Excel: jina la mfanyakazi, idara, aina ya kifaa, namba ya MAC. Amezunguka ofisi zote akigeuza printa kutafuta kibandiko. Ameifanya kazi hiyo kwa uaminifu na meneja wake ameridhika. Jibu langu ni hapana, na nitalieleza hapa kwa kirefu kwa sababu nimechoka kulieleza kwa simu.

Imani iliyoenea ni kwamba kiwanda huichonga namba ya MAC ndani ya kifaa na kwamba haibadiliki hadi kifaa kife. Si kweli. Kwenye kompyuta nyingi za Windows unafungua mipangilio ya kadi ya mtandao, unaandika namba uitakayo, unabonyeza OK. Kwenye Linux ni amri mbili au tatu. Wala huhitaji kuiba daftari la ofisi ili ujue uandike namba gani. Katika Wi-Fi, hata ile yenye nenosiri la WPA2, namba za MAC husafiri hewani bila kufichwa. Kinachofichwa ni mzigo wa ujumbe, si anwani zilizo juu yake. Aliyeketi kwenye gari nje ya jengo akiwa na laptopu anaweza kuzisoma.

Sasa lichukue lile daftari na uitazame herufi ya pili ya kila namba. Ikiwa ni 2, 6, A au E, namba hiyo haikutoka kiwandani. Imetungwa na kifaa chenyewe. Android hufanya hivyo bila kuombwa tangu toleo la 10 la mwaka 2019, na iPhone tangu iOS 14 ya Septemba 2020: kila mtandao wa Wi-Fi hupewa namba yake. Mwaka 2024 iOS 18 ilikwenda mbali zaidi, ikaruhusu namba ibadilike baada ya muda hata kwenye mtandao uleule. Kwa hiyo simu ya mhasibu uliyoisajili leo inaweza kuwa mgeni kabisa mwezi ujao, naye atakuja mezani kwako akilalamika kwamba Wi-Fi imeharibika.

"Basi tuwaambie wote waizime hiyo kitu." Kwa vifaa vya ofisi, sawa, izime. Kwa simu ya mtu aliyoinunua kwa pesa zake, usithubutu. Kinga hiyo iliwekwa kwa sababu watu walikuwa wakifuatiliwa kutoka duka moja hadi jingine kwa namba ya MAC ya simu iliyo mfukoni. Huwezi kumvua mtu kinga yake ili wewe ubaki na orodha nadhifu.

Wengine hunijia na IMEI, wakidhani wamepata dawa. Wi-Fi yako haiioni IMEI. Hiyo ni ya mtandao wa simu. Na hata huko, Wakenya tuna kumbukumbu. Usiku wa kuamkia Oktoba 1, 2012, kwa agizo la Tume ya Mawasiliano iliyoitwa CCK wakati huo, kampuni za simu zilizima simu bandia kwa kuangalia IMEI. Zilitambulikaje kuwa bandia? Nyingi zilibeba namba zisizo halali au zilizonakiliwa kutoka simu halisi. Yaani namba hiyo, ambayo sheria yetu inafanya kuibadilisha kuwa kosa, ilikuwa imeshanakiliwa kwa wingi. Kubadilisha MAC si kosa hata kidogo. Simu yenyewe hufanya hivyo mfukoni mwako.

Hatari ninayoiona mara nyingi iko kwenye printa. Printa haiwezi kuulizwa nenosiri kwa urahisi, kwa hiyo fundi huiingiza kwenye orodha ya MAC, na mfumo huiruhusu popote. Kibandiko cha namba hiyo kiko mgongoni mwa printa, kwenye korido wanakopita wateja. Mtu huchomoa waya wa printa, anauchomeka kwenye laptopu yake iliyoandikwa namba ileile, na mfumo wa mamilioni ya shilingi unamkaribisha kama printa ya ghorofa ya kwanza. Ni askari wa lango anayesoma namba ya gari bila kutazama gari lenyewe.

Na nusu ya pili ya ile imani kuhusu MAC: kwamba jozi tatu za kwanza za MAC zitakuambia kifaa ni nini. Zitakuambia ni kampuni gani ilisajili fungu hilo la namba kwa IEEE, basi. Kampuni ya Espressif ya Shanghai hutengeneza chipu zilizo ndani ya taa, soketi, mizani na vipima joto vya watengenezaji wasiohesabika. Ukiona fungu lake, unajua chipu. Hujui kama kilichounganishwa ni balbu au ni kifaa alichokiunda mwanafunzi mtundu bwenini.

Kinachotambulisha kifaa ni mwenendo wake. Kifaa kikiingia mtandaoni, kwanza huomba anwani ya IP kwa itifaki ya DHCP. Ndani ya ombi huwemo orodha ya mambo mengine kinayotaka kuambiwa, kila jambo kwa namba: 3 ni ruta, 6 ni seva ya DNS, 15 ni jina la kikoa. Orodha hiyo ni chaguo la 55. Mtumiaji haioni wala hakuipanga. Waliotengeneza mfumo endeshi ndio walioipanga. Kwa miaka mingi iPhone iliuliza 1, 121, 3, 6, 15, 119, 252, kwa mfuatano huo. Windows 10 huuliza 1, 3, 6, 15, 31, 33, 43, 44, 46, 47, 119, 121, 249, 252. Namba 249 ni ya Microsoft yenyewe, na printa haina sababu ya kuiuliza. Tena katika chaguo la 60 Windows hujitaja waziwazi: MSFT 5.0. Yule mtu wa koridoni amebadilisha MAC, lakini laptopu yake bado inazungumza kama laptopu. Mfumo ulioandaliwa vizuri huona kwamba "printa" imeanza kuuliza maswali ya Windows, na huifungia. Ndiyo, hata maswali haya yanaweza kughushiwa. Ila sasa anayeghushi lazima aige mambo mengi kwa pamoja bila kukosea hata moja, na hiyo ni kazi ya mtu wa namna nyingine.

Haya, maandalizi. Mfumo hauwezi kuona mwenendo usioufikia. Iambie ruta itume nakala ya maombi ya DHCP kwa mfumo, mbali na seva ya DHCP. Washa taarifa za RADIUS kwenye swichi na vituo vya Wi-Fi. Fungua SNMP toleo la 3 ili mfumo usome kila tundu la swichi, na LLDP ili vifaa vijitaje. Ondoa zile swichi ndogo za bei nafuu zilizofichwa chini ya meza, maana huficha vifaa vinane nyuma ya tundu moja. Kamera na mashine za maabara zilizowekewa IP kwa mkono hazitumi DHCP kamwe. Zihamishie kwenye DHCP yenye anwani iliyotengwa. Usizichunguze mashine za hospitali kwa zana ya Nmap mchana, baadhi huganda. Sasisha hazina ya alama za mwenendo wa vifaa. Kisha acha mfumo utazame tu, bila kumzuia yeyote, kwa wiki kadhaa, ukisafisha orodha ya visivyojulikana.

Kompyuta za ofisi ziingie kwa itifaki ya 802.1X yenye vyeti. Watu waingie kwa jina na nenosiri lao, kama wanavyofanya wanachuo kwenye Wi-Fi ya eduroam ambayo KENET, mtandao wa taasisi za elimu, huiendesha nchini; hapo simu inaweza kubadilisha MAC kila asubuhi na hakuna anayejali. Wageni wapewe mtandao wao. Printa na kamera ziwe na VLAN yao isiyofika popote isipokuwa kwenye seva zao, ili hata mwongo akipita apate karatasi tu. Kama fedha ni chache, PacketFence na FreeRADIUS ni za bure, na zinafanya kazi hii.

Jambo moja wauzaji hulipita haraka. Kangema ni nchi ya maporomoko, na ndiyo maana Idara ya Hali ya Hewa ilianzisha redio ya RANET hapa mwaka 2008. Masika yakiangusha nguzo, umeme hupotea, na ukirudi vifaa vyote huomba kuingia kwa wakati mmoja. Weka seva kwenye UPS, na amua mapema, kwa maandishi, swichi zifanye nini seva isipojibu: maabara na dirisha la malipo ziendelee, Wi-Fi ya wageni isubiri.

La mwisho ni faragha: chaguo la 12 la DHCP hubeba jina la kifaa, na jina hilo mara nyingi ni "iPhone ya Wanjiku". Mfumo wako utajua Wanjiku alifika saa ngapi na alikaa karibu na chumba gani. Hizo ni data za kibinafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Waambie wafanyakazi unachokusanya na kwa nini, weka siku ya kuzifuta, na msimamizi mmoja anayejulikana awe na ufunguo wa kuzisoma.