Shule Mpya na Mipaka Yake

Mtu akisikia kwamba shule mpya ya sekondari itafunguliwa karibu na kwake hufurahi, na furaha hiyo ni ya haki. Walakini watoto watakaoijaza shule hiyo hawatoki hewani. Wengi wao tayari wana shule, au wamekwisha kuandikiwa shule watakayokwenda. Basi ili mpya ijae hapana budi mipaka ya zamani ifutwe na mingine ichorwe, na hapo ndipo maneno huanza. Nimependa kuwaeleza habari za mji wa Seattle, katika Marekani, maana huko jambo hili limeonekana wazi kwa miaka mingi.

Katika upande wa kaskazini wa mji huo unapita mfereji wa merikebu. Juu yake kuna madaraja, na baadhi yake hufunguka merikebu zipitapo, nao watu hungoja. Kusini ya mfereji kuna kilima kiitwacho Queen Anne, na jirani yake ni mtaa wa Magnolia. Kaskazini kuna mitaa ya Ballard na Wallingford. Zamani Wallingford ilikuwa na shule yake ya sekondari, Lincoln, iliyofunguliwa mwaka wa 1907, na Queen Anne ilikuwa na yake tangu mwaka wa 1909. Watoto wa mji walipopungua, shule zote mbili zikafungwa katika mwaka wa 1981. Tangu hapo watoto wa Queen Anne na Magnolia hawakuwa na shule ya sekondari ya kwao wenyewe.

Siku hizo mzazi aliweza kuchagua shule. Mwaka wa 1999 Ballard ilipata jengo jipya, na mara watu wengi wakaitaka. Nafasi hazikutosha. Basi wakuu wa elimu waliweka kanuni: kwanza aingie mwenye ndugu yake mle shuleni, pili, itazamwe rangi ya mtoto, ili shule isiwe ya kabila moja tu, tatu, akaaye karibu amtangulie akaaye mbali. Wazazi ambao watoto wao walikataliwa kwa kanuni ile ya pili wakashtaki katika mwaka wa 2000. Kesi ilipanda mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na tarehe 28 Juni 2007 majaji watano kwa wanne walihukumu kwamba kanuni hiyo haiwezi kutumika. Watu husema kwamba kesi ile ilikuwa ya rangi, nayo ni kweli. Lakini mimi naona ilikuwa pia kesi ya kilima kisicho na shule.

Kuanzia mwaka wa 2010 mji ulirudi kwenye mipaka: kila nyumba ikaandikiwa shule yake. Mpango huu una faida, maana mzazi hujua mapema mtoto wake atakwenda wapi. Una uzito pia. Mstari ukipita katikati ya njia, nyumba za upande huu na za upande ule hutenganishwa, na mwenye fedha aweza kuhamia upande autakao, asiye nazo hawezi.

Hata watu wakazidi kuongezeka mjini, na Ballard na Roosevelt zikafurika. Ikaamuliwa Lincoln itengenezwe na kufunguliwa tena. Mwezi wa Januari 2018 baraza la shule likapiga kura juu ya mipaka mipya, nayo Lincoln ikafunguliwa Septemba 2019. Haikuwa na madarasa yote, bali la 9 na la 10 tu.

Tafadhali, msomaji, fikiri kidogo maana ya maneno hayo. Mtoto wa darasa la 10 tayari amekaa mwaka mzima katika shule nyingine. Amepata rafiki, amemzoea mwalimu wa hesabu, pengine ameingia katika bendi. Sasa aambiwa, kwa sababu ya mahali nyumba yao ilipo, aondoke akaanze upya. Ndugu yake aliyemtangulia kwa mwaka mmoja abaki kule kule, maana darasa lake halipo katika shule mpya. Nyumba moja, shule mbili, na mama mmoja wa kwenda mikutano yote! Kwa upande mwingine, kama wakubwa nao wangehamishwa, wangevurugwa karibu na mwisho wa masomo yao. Na kama lingeanza darasa la 9 peke yake, zile shule zilizojaa zingepata nafuu kidogo sana. Sioni njia ambayo isingemwumiza mtu. Nasadiki wakuu walichagua si vibaya, ila mtoto wa darasa la 10 ndiye aliyelipa.

Tena shule inayopunguziwa watoto hupunguziwa na walimu, kwa kuwa walimu hugawanywa kwa hesabu ya watoto. Somo lenye wanafunzi wachache, kama lugha ya kigeni, ndilo huwa la kwanza kuondoka. Wenye kubaki nao hawasalimiki.

Kwetu Tanzania, shule za sekondari za kata zilipojengwa kwa wingi baada ya mwaka wa 2004, tuliona jambo la namna hii: mpaka wa kata ukawa pia njia ya mtoto kwenda shule, hata kama shule ya kata ya jirani ilikuwa karibu zaidi.

Watoto wa kwanza wa Lincoln walipata taabu nyingine, kwa maana Machi 2020 shule zikafungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, wakasomea nyumbani. Wale wa darasa la 10 walihitimu mwaka wa 2022. Nao watoto wa Queen Anne wameandikiwa Lincoln, ng'ambo ya mfereji. Jengo la shule ile ya zamani lingaliko juu ya kilima chao, nalo limegeuzwa kuwa nyumba za kukaa watu.