Ufilipino: Chama cha Kiliberali na koo zinazokibeba

CHAMA cha Kiliberali cha Ufilipino kilianzishwa Januari 1946 na Manuel Roxas, baada ya kundi lake kujitenga na Chama cha Nacionalista. Aprili mwaka huo alichaguliwa kuwa rais, na Julai 4 nchi ikapata uhuru kutoka kwa Marekani.

Msingi wa chama hicho ni uhuru wa raia na utawala wa sheria. Hata hivyo, nguvu zake zimetegemea mno majina ya koo zenye ardhi na mali.

Mfano mkubwa ni ukoo wa Aquino. Seneta Benigno Aquino aliupinga utawala wa kiimla wa Ferdinand Marcos, ambaye naye aliwahi kuwa Mliberali kabla ya kukihama chama. Agosti 21, 1983, Aquino aliuawa kwa risasi katika uwanja wa ndege wa Manila. Mjane wake, Corazon, aliyesimamishwa na muungano wa upinzani, aliingia madarakani mwaka 1986 kwa nguvu ya umma. Hapo jina la ukoo lilikuwa silaha ya wanyonge.

Lakini Corazon alizaliwa katika ukoo wa Cojuangco, uliomiliki shamba la miwa la Hacienda Luisita mkoani Tarlac. Sheria ya mageuzi ya ardhi aliyoitia saini mwaka 1988 iliruhusu wakulima kupewa hisa badala ya ardhi, na shamba hilo likafuata njia hiyo. Mwaka 2004, watu 7 waliuawa wakati wa mgomo shambani humo. Amri ya kuwagawia wakulima ardhi yenyewe ilitolewa na Mahakama ya Juu mwaka 2011.

Wakati huo rais alikuwa mwanawe, Benigno Aquino III, aliyechaguliwa mwaka 2010 kwa tiketi ya Waliberali baada ya Mar Roxas, mjukuu wa mwanzilishi, kumwachia nafasi ya kugombea. Roxas aligombea mwaka 2016, akashindwa na Rodrigo Duterte. Mwaka 2022 urais ulimwendea Ferdinand Marcos Mdogo, mtoto wa dikteta yule.

Katiba ya 1987 inaitaka dola ipige marufuku nasaba za kisiasa kwa mujibu wa sheria. Kwa zaidi ya miaka 30 iliyofuata, Bunge, lililojaa watoto wa koo hizo hizo, halikutunga sheria ya jumla ya kukitekeleza kifungu hicho.