Jina Mgongoni

Wasomaji wangu, safari ya bara ilinifikisha Siakago, kwa Wambeere, siku ya soko. Katika fungu la mitumba nikaona fulana ya New York Giants, mgongoni imeandikwa KIWANUKA.

"Hiyo ni kampuni gani, mzee?" akaniuliza kijana muuzaji.

"Si kampuni, mwanangu. Ni ukoo."

Nikamweleza. Benedicto Kiwanuka alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, kisha Jaji Mkuu. Septemba 1972 askari wa Idi Amin walimkamata mahakamani, wakamuua. Maiti yake haikuonekana.

Mjukuu wake, Mathias, alizaliwa Indianapolis, Marekani, mwaka 1983. Akawa mchezaji wa ulinzi wa Giants katika kandanda la Kimarekani, mchezo wa mabavu, wa mikono zaidi kuliko miguu. Alivunjika mguu 2007, akaumia shingo 2010, na kila mara akarudi. Februari 2012 Giants walitwaa ubingwa naye akiwa uwanjani, tena mji ule ule wa Indianapolis. Mwaka 2015 timu ikamwacha, kwani riziki ya mwili haidumu.

Lakini fikirini, ni maelfu mangapi walilitamka jina ambalo dhalimu alitaka lizikwe bila kaburi!

Kijana akaikunja ile fulana taratibu. "Basi bei imepanda, mzee."

Nikalipa bila ya kuteta. Wahenga walisema, jina jema hung'ara gizani.